Hatua 61: Niliyojifunza Kuhusu Mahali pa Kukaa Unapomwinda Bata Mzinga

Asubuhi ya kwanza niliyomfyatulia risasi bata mzinga wa porini nilimkosa, na kwa dakika kumi hivi niliamini kwamba kosa lilikuwa la mkono wangu. Ulikuwa mwezi wa Aprili, katika jimbo la Kentucky nchini Marekani, ambako ninaishi na kufanya kazi ghalani tangu nilipohama Tanzania. Nilikuwa nimeketi ukingoni mwa malisho ya ng'ombe, mgongo nimeuegemeza kwenye nguzo ya uzio, na dume mmoja mkubwa alikuwa ametoka msituni upande wa pili, mkia wake ameutanda kama upepeo wa ukili. Alitembea hatua chache, akasimama, akajitunisha, akatembea tena. Nilijiambia kwamba yuko yadi 40, nikafyatua. Unyoya mmoja ulipaa, ukayumba hewani, ukatua polepole juu ya majani. Mwenye unyoya alikimbia kidogo, akaruka juu ya miti, na sikumwona tena.

Aliyenifundisha uwindaji huu ni mzee mmoja tuliyefanya naye kazi kabla hajastaafu, na shamba lile ni la shemeji yake. Alipoteremka kutoka upande wake wa kilima sikujua nianze vipi kujieleza. Hakuniuliza nililenga wapi, wala hakuigusa bunduki. Aliniuliza, "Ulikuwa umekaa wapi?" Nilipomwonyesha ile nguzo, aliniambia nianze kuhesabu hatua kutoka pale hadi penye ule unyoya. Zilikuwa 61. Miguu yangu si mirefu, hivyo tuseme yadi 55, yaani kama mita 50. Kwa vyovyote vile, zile 40 nilizojiambia zilikuwa za kichwani mwangu tu. Tulizunguka ukingo wa msitu kwa zaidi ya saa nzima tukitafuta damu au manyoya zaidi, hatukupata kitu. Hadi leo sijui kama nilimjeruhi, na hilo ndilo lililonisumbua kuliko kumkosa.

Ninapaswa kueleza nilikotoka. Nilikulia Manyoni, mkoani Singida, na uwindaji pekee niliokuwa nao utotoni ulikuwa wa kanga kwa manati. Kwa manati, suala la umbali halina mjadala: ukizidi hatua 15 unatupa mawe tu, kwa hiyo mtoto hujifunza kunyata, kujificha nyuma ya kichuguu, kutambaa kwa tumbo hadi afike. Anayepunguza umbali ni mwindaji. Nilifika Kentucky nikiwa na mazoea hayo, na ilibidi niyaache yote, kwa maana huku anayepaswa kupunguza umbali ni ndege mwenyewe. Wewe unaketi chini ya mti na kuigiza sauti ya jike, ama kwa kisanduku cha mbao kinachosuguliwa, ama kwa kipande cha mpira laini kinachowekwa mdomoni, juu ya ulimi. Dume anayewika anakujia. Kumnyatia dume anayewika ni jambo ambalo kila mkufunzi wa usalama hulikataza, kwa sababu hiyo sauti unayoinyatia huenda ni ya mtu mwingine aliyeketi kichakani akiwa na kisanduku chake na bunduki yake.

Kuna ugumu mmoja ambao nilichelewa kuuelewa. Kwa maumbile yao, dume huwika na jike ndiye anayemfuata. Mwindaji anamwomba dume afanye kinyume cha desturi ya jamii yake. Kwa hiyo dume huja hadi mahali anapodhani jike ataweza kumwona, kisha husimama, hujitunisha na kungoja. Kama kutoka hapo anaweza kuona sehemu ile sauti ilikotokea, na haoni jike yeyote, hana sababu ya kuendelea. Atazunguka palepale, yadi 60 au 70, atawika hadi masikio yako yaume, kisha atageuka na kwenda zake. Ndivyo ilivyokuwa pale malishoni. Nilikaa mahali ambapo niliweza kuona mbali, nikadhani huo ni ujanja, kumbe niliyekuwa naonwa mbali ni mimi. Tangu siku ile, swali langu la kwanza ninapochagua mahali ni hili: je, ndege atakapotokeza kichwa chake kwa mara ya kwanza, atakuwa tayari ndani ya umbali wa kupigwa? Kama jibu ni hapana, ninahama, hata kama mti ni mzuri na kivuli kinapendeza.

Lakini umbali wa kupigwa ni upi? Jioni ya siku ileile mzee alinipeleka nyuma ya banda lake akiwa na karatasi kubwa za kufungia mizigo, na nadhani jioni ile moja ilinifaa kuliko misimu miwili ya kukaa msituni. Shotigani yangu ni ya geji 12, na mdomoni mwa mtutu imefungwa kile kipande cha chuma kinachobana marisau yasitawanyike mapema, ambacho wawindaji wa huku hukiita choki. Risasi nilizotumia zilikuwa za madini ya risasi, namba 5, kila moja ikiwa na punje karibu 300. Tulichora duara la inchi 10 kwenye kila karatasi, tukapiga kutoka yadi 10, 20, 30, 40 na 50, kisha tukaketi juu ya ndoo na kuhesabu matundu kwa kalamu, moja baada ya jingine. Katika yadi 40 nilipata matundu 97 ndani ya duara, na mzee alisema inatosha, kwa maana wawindaji wengi hutaka yasipungue sana chini ya 100. Katika yadi 50 yalikuwa 41, na hayakupangika sawasawa: upande wa juu kulia palikuwa na uwazi ambao niliweza kuuficha kwa kiganja changu. Mzee alichukua kalamu akachora kichwa na shingo ya bata mzinga ndani ya uwazi ule. Vilienea bila kuguswa na tundu hata moja.

Msomaji asiyewahi kuwinda ndege huyu anaweza kujiuliza kwa nini nazungumzia kichwa na shingo ilhali mwili wa dume mzima una kilo 8 hadi 11. Mwili ndio mtego. Manyoya ni mengi na mazito, mbawa zimefunika mbavu, kifua ni mnofu mnene, na punje ndogo zikiingia humo humjeruhi ndege bila kumwangusha. Ataruka na kwenda kufia mbali. Kinachomwangusha papo hapo ni punje kadhaa kwenye ubongo au kwenye pingili za shingo, na shabaha hiyo ni nyembamba kama muhindi. Ninalenga pale manyoya ya shingo yanapokoma na ngozi tupu nyekundu kuanzia, ili kundi la marisau lifunike shingo na kichwa kwa pamoja. Na simpigi akiwa amejitunisha, kwa kuwa wakati huo shingo ameivuta ndani na kuikunja mithili ya herufi S, kichwa kimezama kifuani. Ninangoja, au ninatoa mlio mmoja mfupi mkali wa jike. Hapo hunyoosha shingo kutazama, na ndiyo nafasi yenyewe.

Mwaka uliofuata mzee alinipeleka sehemu nyingine ya shamba, kwenye barabara ya zamani ya kuvutia magogo inayopanda kilima na kupinda kulia karibu na kilele. Jioni iliyotangulia tulikuwa tumesikiliza bata mzinga wakiruka kwenda kulala mitini, mbawa zao zikipigapiga matawi kama mtu anayekung'uta mkeka, kwa hiyo tulijua wako wapi. Tulifika gizani, tukaketi kiasi cha yadi 150 kutoka kwenye miti yao, si karibu zaidi, kwa sababu ukiwakaribia mno wakiwa juu watakuona au watasikia majani makavu unayoyakanyaga, na asubuhi imekwisha kabla haijaanza. Tulichagua upande wa juu, kwani dume hupanda kilima kuifuata sauti kwa urahisi kuliko anavyoteremka. Kisha mzee akafanya jambo ambalo peke yangu nisingelifanya: alinirudisha nyuma ya ile kona, mahali ambapo sikuweza kuona barabara zaidi ya hatua 30. Nililalamika kwa kunong'ona kwamba sioni kitu. Akanijibu, "Naye hatakuona."

Jua lilichomoza saa moja na dakika chache. Dume aliwika mtini, akawika tena alipotua chini, kisha akanyamaza. Nilitetea mara mbili kwa kisanduku, nikakiweka chini. Ukimya ule ulidumu karibu dakika 40, na ningekuwa peke yangu ningesimama na kujinyoosha. Kilichotokea kwanza pale konani kilikuwa kichwa, cheupe juu na chekundu chini, kikipanda na kushuka kila alipopiga hatua. Alikuwa amekuja kumtafuta jike nyuma ya kona, maana nyuma ya kona ndipo jike alipopaswa kuwa. Hakuwa na mahali pa kusimama mbali na kututazama. Nilipohesabu baadaye zilikuwa hatua 27. Vikwaru vyake vilipita inchi moja, na kile kishungi kigumu kinachoning'inia kifuani, ambacho huku huitwa ndevu, kilifika inchi 10.

Namna ya kuketi nayo ina kanuni zake, nami nitaeleza zile nilizolipia gharama tu. Mti unaoegemea uwe mpana kuliko mabega yako, kwanza kwa sababu unavunja umbo la mwili wako, na pili kwa sababu unakukinga na risasi ya mwindaji mwingine anayekuja kutoka nyuma, ambaye hutamwona. Kaa kivulini. Bata mzinga hanusi chochote cha maana, hivyo huna haja ya kufikiria upepo kama unavyofikiria kwa paa au nguruwe pori, lakini macho yake yanaona rangi na yanaona karibu pande zote bila kugeuza kichwa. Kidole kinachokuna kuumwa na kupe kinatosha kukuharibia asubuhi. Mimi hutumia mkono wa kulia, kwa hiyo ninaelekeza bega langu la kushoto mahali ninapotarajia ndege atokee. Mtu wa mkono wa kulia aliyeketi anaweza kuzungusha mtutu kuelekea kushoto kwa nafasi kubwa, ilhali upande wa kulia mwili unamkatalia mapema sana. Magoti yangu yamekunjwa, bunduki imelala juu ya goti la kushoto, kitako tayari kiko begani. Nikilazimika kuusogeza mtutu ninangoja kichwa chake kipite nyuma ya shina la mti, na kikitokeza upande wa pili ninakuwa nimeshatulia.

Msimu wa tatu ulinipa fundisho la upande mwingine, ambalo sikulitarajia hata kidogo. Nilikuwa nimeshika sana habari ya ukaribu, nikaketi ndani ya kichaka kilichosongamana, mahali ambapo ndege asingeonekana hadi afike miguuni. Alifika miguuni kweli. Dume alijitokeza hatua 9 kutoka ncha ya mtutu, nikasikia hata ule mngurumo wa chini anaoutoa kifuani anapojitunisha, ambao mtu huusikia mwilini kabla ya masikioni. Nilifyatua na kumkosa kabisa, bila unyoya hata mmoja. Nilirudi nyumbani nikaitoa ile karatasi ya yadi 10 ambayo sikuwa nimeijali. Marisau yote yalikuwa yamepita katika tundu moja, upana wa kikombe cha kahawa. Kwa choki inayobana vile, umbali wa karibu mno ni sawa na kupiga risasi moja, na kichwa cha bata mzinga hakitulii kamwe. Kinadonoa, kinageuka, kinarudi. Zaidi ya hayo, kwa papara niliinua shavu kutoka kwenye kitako ili nimtazame vizuri, na shavu likiinuka risasi huenda juu. Sasa ninataka ndege awe kati ya yadi 20 na 35. Ninamruhusu afike 40 kama amesimama wazi na amenyoosha shingo, na ninamwacha apite 15 kama kuna dalili kwamba atajitenga tena.

Vizuizi sitavizungumzia sana. Kijito ambacho mtoto angekiruka, uzio wa seng'enge, kichaka cha miiba: kikiwa kati yako na dume, chukulia kwamba atasimama upande wa pili wake, ingawa ana mbawa na anaweza kuvuka bila taabu. Nilipoteza asubuhi mbili kwa kijito kimoja kisichozidi upana wa kitanda.

Malisho ya wazi yanahitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa hakuna mti wa kulinganishia, na ndege mkubwa juu ya majani mafupi huonekana karibu kuliko alivyo. Ndiyo maana kila ninapoketi, kabla hakujapambazuka vizuri, ninahesabu hatua hadi kwenye vitu vitatu au vinne vinavyotambulika: kisiki, jiwe, mti wenye maua meupe, nguzo iliyoinama. Kuna vipima umbali vya leza na ninacho kimoja, lakini kukiinua ndege akiwa amefika ni kosa lilelile la kidole na kupe, kwa hiyo ninakitumia kabla tu, kuhakiki hatua zangu. Nikitumia sanamu ya jike ninaisimamisha hatua 20 kamili kutoka kwangu, na kazi yake ya pili, ambayo kwangu ni kubwa kuliko ya kwanza, ni kunieleza umbali pasipo mimi kusogea.

Sanamu hizo zilinileta kwenye jambo la rangi. Kichwa cha dume wakati wa machipuko kina nyekundu, nyeupe na buluu, na kwa sababu hiyo mwindaji hapaswi kuvaa wala kubeba chochote chenye rangi hizo mahali kitakapoonekana, mwindaji mwingine asije akadhani ni kichwa cha dume. Kijana mmoja niliyekwenda naye, mzaliwa wa Uvira nchini Kongo, alitoa leso nyekundu mfukoni kufuta jasho, nami nikamshika mkono kwa nguvu kuliko nilivyokusudia. Alikasirika hadi nilipomweleza. Nilimweleza pia kwamba akimwona mtu anakuja asipunge mkono, bali abaki ametulia na aseme kwa sauti kubwa ya binadamu.

Siku hizi kuna risasi za tangsteni, ambazo uzito wake ni karibu gramu 18 kwa kila sentimita ya ujazo, ilhali madini ya risasi ni gramu 11 na nukta kadhaa. Kwa uzito huo punje inaweza kuwa ndogo sana, namba 9, na bado ikapenya, hivyo ganda moja hubeba punje nyingi zaidi na watu hujisifu kwa kupiga yadi 60. Nimezijaribu kwenye karatasi na sikatai kwamba zinafanya kazi, ingawa bei ya boksi moja inaumiza. Tatizo langu ni kwamba hazikuyarekebisha macho yangu. Mtu aliyeita 55 kuwa 40 ataita 75 kuwa 60. Mzee anasema jambo hilo kwa ukali zaidi, kwa sababu anakumbuka ujana wake, ambapo kumwona bata mzinga katika sehemu nyingi za Kentucky ilikuwa ni bahati. Waliopo leo wametokana na ndege walionaswa kwa nyavu na kuachiliwa tena misituni kati ya 1978 na 1997, wakiwemo waliotoka Missouri. Kumjeruhi mmoja kwa kujaribu bahati, kwake ni kama kuharibu mali ya jirani.

Masika iliyopita ya huku, yaani Aprili, nilikwenda tena na yule kijana wa Uvira. Msimu wa Kentucky hufunguliwa Jumamosi iliyo karibu zaidi na tarehe 15 Aprili na kudumu siku 23, na yeye alikuwa hajapiga hata mmoja. Tuliketi bega kwa bega chini ya mwaloni, naye akiwa na bunduki. Mti uliopasuliwa na radi ulikuwa alama yetu ya hatua 35. Dume alikuja akasimama nyuma ya mti ule, wazi kabisa, akajitanda na kung'aa kama shaba iliyosuguliwa. "Kaka, iko karibu. Nipige?" alininong'oneza. Nikamwambia mti uko wapi na ndege yuko wapi. Alimeza mate, akangoja. Dume alizunguka pale kwa dakika 20, akageuka, akateremka upande wa pili. Tulipokwenda kuhesabu, zilikuwa hatua 48.

Kesho yake hatukurudi kwenye mwaloni. Tulisogea hadi chini kidogo ya ule mti uliopasuka, upande alikotokea, ambako ardhi inainuka na kumficha mtu hadi ufike ukingoni. Alikuja bila kuwika hata mara moja, shingo imenyooka, akitazama juu ya ukingo, na kijana hakuniuliza chochote safari hii. Alihesabu hatua mwenyewe, kwa sauti, kwa Kiswahili, akapata 26. Mimi nilipata 29. Tulibishana juu ya miguu ya nani ndiyo kipimo hadi tulipofika kwenye gari, ndipo akapiga simu ya kuripoti ndege wake kwa idara ya wanyamapori, jambo ambalo sheria inataka lifanyike kabla ya saa sita usiku wa siku hiyohiyo, na akaiandika namba aliyopewa kwenye kiganja cha mkono kwa sababu hatukuwa na karatasi.